Barua pepe kwa shamba dogo la Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa majirani: wakulima wa Ganda, Kakuyuni na Jilore, wachache wa ng'ambo ya daraja la Sabaki, na kina mama wawili wa Gede wanaouza asali. Mengi niliulizwa kwenye duka la mbegu, mengine tukisubiri matatu. Mimi ni mkulima wa embe, nazi na mboga kwenye eka tatu na ushei. Ufundi wa kompyuta sina, na majibu haya yametokana na kufanya, kukosea na kufanya tena. Aliyekwisha kuanza aruke moja kwa moja hadi sehemu ya kuandika.

## Kabla ya kuanza

1. Wateja wangu wote wako WhatsApp. Barua pepe ya nini tena?

WhatsApp iendelee. Kwa oda ya leo leo, "nina mafungu 20 ya mchicha, nani anataka?", hakuna kinachoishinda. Barua pepe ina kazi nyingine, na kazi hiyo inatokana na jinsi Malindi ilivyo: wateja wetu huondoka. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mji unajaa. Aprili mvua za mwaka zikianza, hoteli kadhaa hufunga, wenye nyumba za Casuarina na Watamu hurudi Italia, Uingereza au Nairobi. Laini ya simu aliyoinunua hapa mtalii hukaa bila kutumika hadi ikafungwa, na nambari ikapewa mtu mwingine. Msimu ukirudi unampigia Signora, anapokea kijana wa Kitale ambaye hajawahi kuiona bahari.

Anwani ya barua pepe haifi hivyo. Mtu huhama nchi akahama nayo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mteja wa Malindi mara nyingi atarudi. Swali ni kama akirudi atakukumbuka wewe au atasimama kwenye kibanda cha kwanza atakachokiona barabarani.

Kuna sababu ya pili: hoteli. Ofisi ya ununuzi huendeshwa kwa barua pepe, kuanzia orodha ya bei hadi oda na ankara. Ujumbe wa WhatsApp kwa shefu hupotea katikati ya picha za harusi. Barua humfikia mhasibu vilevile ulivyoiandika.

2. Itaniletea wateja wapya?

Kwa nadra sana. Wengi huanza kwa matumaini hayo na kukata tamaa mwezi wa pili. Mteja mpya huletwa na ladha ya embe, na jirani aliyemsifia, na kibao chako barabarani. Barua pepe humshika yule aliyekwisha kununua mara moja. Kama bado huna wateja 10 wanaokujua kwa jina, kwanza shughulikia hao, barua zitasubiri.

3. Nahitaji kompyuta? Nahitaji tovuti?

Hapana, na hapana. Simu yoyote yenye intaneti inatosha. Mimi niliandika barua zangu za mwaka wa kwanza nikiwa nimekaa chini ya mwembe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ila kuna kitu kimoja ambacho ningekinunua mapema zaidi, nacho ni jina la shamba kwenye intaneti, la .co.ke. Sababu iko kwenye swali la 16.

4. Orodha ikiwa na watu wangapi ndipo ianze kufaa?

Ishirini na tano. Sitanii. Shamba la eka tatu haliwezi kuwalisha watu 1,000, kwa hiyo ukiwaandikia 1,000 kuhusu kreti 6 za embe ngowe umewaudhi 980 na zaidi. Hesabu unachovuna kwa wiki, gawanya kwa oda ya kawaida ya mteja mmoja, kisha zidisha mara tatu au nne kwa sababu si kila mtu atanunua kila wiki. Hiyo ndiyo orodha yako. Orodha kubwa kuliko shamba ni kelele tu.

## Kupata anwani

5. Nizipate wapi?

Mahali mnapokutana. Mteja akiwa ameshika dafu mkononi, muulize: "Nikuandikie embe zikianza kuiva?" Swali hilo linakubaliwa kwa wepesi kwa sababu lina faida yake mwenyewe. "Naomba imeili yako" peke yake humfanya mtu ajiulize unataka kumfanyia nini.

Beba daftari. Mwache mteja aandike mwenyewe, kwa herufi kubwa, halafu isome anwani kwa sauti mbele yake. Majina ya Kitaliano yana herufi zinazorudiwa, na ukikosa herufi moja tu umempoteza hadi Desemba nyingine. Andika pembeni tarehe, alichonunua na mnapokutania. Maelezo hayo utayahitaji kwenye maswali ya 7 na 8.

Waangalizi wa nyumba za wageni msiwasahau. Mwenye nyumba yuko Milano, lakini anayejaza friji kabla hajatua ni mwangalizi wake, naye ni kijana wa hapa hapa Maweni au Kisumu Ndogo. Huyo ukiwa naye vizuri, anakupa tarehe za kufika wageni kabla ya mtu mwingine yeyote.

6. Kuna mtu anauza orodha ya anwani za hoteli zote za pwani. Ninunue?

Usinunue. Nusu ya anwani hizo zimekufa, nusu nyingine ni za watu wasiokujua. Watabonyeza kitufe cha taka, na adhabu yake itawafikia hata wateja wako wa kweli (swali la 16). Halafu kuna sheria, ambayo ni swali linalofuata.

7. Sheria inasemaje? Mimi ni mkulima tu.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayoisimamia. Anwani ya mtu ni data yake. Ukitaka kuitumia kumtangazia biashara, upate ridhaa yake, na umpe njia rahisi ya kukwambia basi. Ndiyo maana tarehe na mahali ulipoipata viandikwe kwenye daftari: mtu akiuliza "umeipata wapi anwani yangu?", unamjibu kwa utulivu, "Ulinipa mwenyewe Januari, ulipokuja kununua embe boribo."

Kuhusu kujisajili kwa Kamishna, kanuni za 2021 zimewasamehe wenye biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10, isipokuwa kwa shughuli fulani zilizotajwa, kwa mfano shule, afya na hoteli. Shamba la kawaida la kwetu limo katika msamaha huo. Umesamehewa kujisajili tu, mengine yote ya sheria yanakuhusu.

8. Wateja wote niwaandikie barua moja?

Mwanzoni, ndiyo. Ukifika watu 40 hivi, wagawe. Mimi nina makundi matatu: wapishi na ofisi za hoteli, wakazi wa Malindi na Watamu wa mwaka mzima, na wasafiri, yaani wanaokuja na kaskazi. Mpishi anataka idadi, ukubwa na bei, basi. Mkazi anataka kujua siku ya kumletea. Aliyeko Bologna kwenye baridi hana haja ya kusikia kwamba bamia zipo Alhamisi; huyo unamwandikia mara nne au tano kwa mwaka (swali la 13).

## Kuandika

9. Niandike nini? Mimi si mwandishi.

Andika kilichomo kikapuni. Wauzaji wa mjini hulazimika kubuni la kusema kila wiki, sisi shamba linatusemea: kuna kinachochipua, kinacholiwa na tumbili, kinachoiva kabla ya wakati. Huu hapa ni mfano wa barua yangu, nimeupunguza kidogo:

*Salaam Mwalimu,*

*Ngowe zimeanza. Mti wa karibu na kisima umetangulia, kama kawaida yake. Ziko kreti 6 za kilo 20. Boribo bado, nadhani wiki mbili. Madafu yapo, mkwezi anapanda Jumatano. Mchicha na bamia ni vya kutosha. Biringanya zimeshambuliwa na wadudu, wiki hii usiniulize.*

*Malindi mjini naleta Alhamisi asubuhi, Watamu Jumamosi. Ukitaka, jibu barua hii kabla ya Jumatano saa 10 jioni.*

*Usipopenda kupokea barua hizi, nijibu neno "basi" nami nitakuondoa.*

Maneno hayafiki 80. Yanasema kipo nini, kiasi gani, siku gani, na mtu afanye nini. Lile la biringanya nimeliacha makusudi: mteja aliyeambiwa kibaya kilipo huamini ukimwambia kizuri. Wenzangu wawili walinibishia hapa, wakasema biashara haitangazi hasara. Kila mtu na duka lake. Langu ndivyo linavyokwenda.

10. Nimwite nani mwanzoni mwa barua? "Mpendwa mteja"?

Hata kidogo. "Mpendwa mteja" ni lugha ya benki inayokukumbusha deni. Kama sokoni unamwita Mzee, kwenye barua ni Mzee vilevile. Mwalimu aliyestaafu bado ni Mwalimu, Mama Fulani ni Mama Fulani, na mpishi ni Shefu. Wazee wa hapa huona uzito wa kuitwa kwa jina tupu na mtu wa umri wa mwanawe, hata kama ni kwenye simu. Huduma za kutuma barua kwa wingi zina nafasi ya kuweka jina la kila mtu; kwenye nafasi hiyo andika namna unavyomwita, kisha utume barua ya majaribio kwako mwenyewe, isije ikaenda "Salaam JINA".

11. Kichwa cha barua kiweje?

Taja zao na siku: "Ngowe za kwanza, Alhamisi". Kioo cha simu huonyesha maneno machache tu, kwa hiyo neno zito litangulie. Acha "OFA KABAMBE!!!", kwani vichwa vya namna hiyo ndivyo matapeli wanavyovitumia, na mtambo wa kuchuja taka unalijua hilo kuliko wewe. Na kichwa kisimdanganye mtu. Niliwahi kuandika "Embe zinakwisha" wakati mti mzima ulikuwa bado umejaa, zikauzika. Wiki iliyofuata nikaandika tena embe zipo, na mama mmoja wa Silversand akanijibu, "Si zilikwisha?" Sijarudia.

12. Lugha gani? Na picha je?

Lugha mnayoongea mkikutana. Wakazi nawaandikia Kiswahili, hoteli Kiingereza, na Waitaliano Kiitaliano kifupi, maana Malindi hatukosi mtu wa kutusahihishia: nusu ya vijana wa ufukweni wanakisema. Usitegemee programu ya kutafsiri peke yake kwa majina ya mazao. Ngowe ibaki ngowe. Mteja aliyekwisha kuila anaijua kwa jina hilo.

Picha moja, ya leo, ya shamba lako. Embe yenye doa la utomvu inauza kuliko embe ya kung'aa iliyochukuliwa mtandaoni, kwa sababu ndiyo atakayoletewa. Ipunguze ukubwa kabla ya kuituma, maana wengi wanasoma kwa bando za bei ndogo. Na usiweke bei ndani ya picha. Picha isipofunguka, bei nayo imepotea.

## Wakati

13. Niandike mara ngapi, na lini?

Hoteli na wakazi: mara moja kwa wiki wakati wa mavuno, siku ile ile, saa ile ile. Kama huna cha kuuza, wiki hiyo usiandike. Kuhusu siku, usisikilize kanuni za watu wa mbali. Muulize shefu wako anapanga oda siku gani, nawe barua ifike jioni ya kabla yake. Ijumaa kuanzia adhuhuri mimi situmi kitu, watu wako msikitini na baada ya hapo mji hauamki haraka.

Wasafiri wana kalenda yao, na hapa ndipo penye fedha. Msimu mkubwa wa embe wa pwani huanza Novemba ukaenda hadi Februari, na huo karibu unalingana na msimu wa wageni. Mwenye nyumba anayetua Desemba 20 aandikiwe mwishoni mwa Novemba: "Ukifika, nikuwekee kreti jikoni?" Nyingine ifike katikati ya Januari, ya kuuliza kama wanabaki. Ya tatu Machi, ya kuaga. Ya nne Juni au Julai, kabla ya wale wa Agosti, na wakati huo kuna msimu mdogo wa embe. Ya tano ni ya Oktoba, fupi, kuwaambia maua yamekaaje. Hiyo ya Oktoba haiuzi chochote, lakini ndiyo inayojibiwa kuliko zote.

Ukilima tikiti maji huko Sabaki, hesabu nyuma: tikiti huchukua kama miezi mitatu, kwa hiyo unapopanda Septemba tayari unaweza kumwandikia shefu kwamba Desemba utakuwa nayo. Madalali hawawezi kumwahidi hivyo.

Ramadhani nayo ina barua yake. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo usinakili tarehe ya mwaka jana. Wiki moja kabla, waandikie wakazi una nini cha futari: mihogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, nazi. Mwezi ukiingia, mchana watu wamefunga na hawataki picha za embe zilizokatwa. Tuma usiku baada ya tarawehe au mapema kabla ya daku.

14. Kusi imeanza, hoteli zimefunga, mvua inanyesha. Niendelee kuandika?

Kwa wakazi, ndiyo, tena huu ndio wakati wanapokuthamini. Mboga za majani zinakubali mvua, mjini bei imeshuka, na mwenye kuleta hadi mlangoni barabara zikiwa na tope hasahauliki. Kwa hoteli zilizofunga, nyamaza hadi wiki tatu kabla hazijafungua.

## Mitambo

15. Gmail yangu ya kawaida inatosha?

Kwa watu 30 au 40, inatosha. Gmail ya bure inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, wengi kuliko unaowahitaji. Hatari iko kwingine: weka anwani zote kwenye Bcc, ambako mpokeaji haoni anwani za wenzake, kamwe si Cc, ambako kila mtu anaziona zote. Mwaka wangu wa pili niliziweka zote kwenye Cc. Wapishi wa hoteli mbili wakaonana kwamba wote ni wateja wangu, mmoja akagundua kwamba mwenzake nilimpunguzia bei, na kabla ya magharibi nilikuwa nimepoteza oda moja na kuomba radhi mara saba. Hata kisheria ni kosa, umegawa data ya watu (swali la 7).

Ukizidi 50, hamia huduma kama Mailchimp, Brevo au MailerLite. Zote zina kiwango cha bure; kiangalie siku unayojiunga, kwa sababu hubadilishwa. Zitamtumia kila mtu barua yake peke yake, na zinaweka kiungo cha kujiondoa bila wewe kuhesabu nani kasema basi.

16. Barua zangu zinaangukia taka. Nimekosa nini?

Pengine hujakosa kitu kwenye maandishi, ni utambulisho. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameongeza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku ndiye aliyebanwa hasa, lakini hata mdogo hutakiwa athibitishe kwamba barua imetoka kweli kwake. Uthibitisho una sehemu tatu zenye majina ya ajabu. SPF ni orodha ya mitambo inayoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua. DMARC ni agizo kwa anayepokea: barua isiyo na muhuri wangu uifanye nini.

Sasa, ukitumia Mailchimp huku anwani yako ikiishia na @gmail.com, muhuri haupatani na jina. Gmail si mali yako, huwezi kuiruhusu Mailchimp itume kwa jina lake. Ni kama kubeba nazi za shamba la mtu kwa barua uliyojiandikia mwenyewe. Dawa ni kuwa na jina lako, la .co.ke, ambalo utalinunua kwa wakala wa KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na kulilipia kila mwaka. Huduma unayotumia itakupa mistari mitatu au minne ya kubandika; kama hujiwezi, kijana wa duka la kompyuta ataimaliza kabla chai haijapoa. Mlipe, lakini jina lisajiliwe kwako na nywila ukae nayo wewe.

Jambo la pili ni malalamiko. Google inataka wanaobonyeza "taka" wasifike 0.3%, yaani 3 katika 1,000. Orodha yako ikiwa ya watu 150, mtu mmoja tu tayari amekupitisha. Ndiyo maana kumruhusu mtu aondoke kwa urahisi ni kujikinga mwenyewe.

17. Nitajuaje kama inafanya kazi?

Hesabu kreti. Huduma zitakuonyesha asilimia ya "waliofungua", nawe utafurahi bure: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hufungua yenyewe ile picha iliyofichwa ambayo huduma huhesabu nayo, kwa niaba ya watu waliowasha kinga yake ya faragha, hata kama mwenye simu amelala. Mimi nina ukurasa wa daftari wenye safu tatu: barua ya tarehe fulani, majibu mangapi, kilichouzwa kwa shilingi. Barua tatu mfululizo bila jibu hata moja, nafanya lile ambalo takwimu haziwezi: nampigia mteja mmoja ninayemzoea na kumuuliza.

## Mambo ya pembeni

18. Nimetangaza embe, halafu nzi wa matunda wameziharibu. Nifanyeje?

Andika siku hiyo hiyo, kabla hawajakuuliza. Nzi huyu wa kigeni alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 na kila mpishi wa pwani anamjua, hakuna atakayekushangaa. Sema zimebaki ngapi, nani atapata na nani atasubiri. Waliotangulia kuagiza wapewe kwanza, hata kama aliyechelewa ndiye mwenye hoteli kubwa. Na usinunue embe za dalali ukazituma kama zako kimya kimya. Ukilazimika kununua, sema ni za jirani.

19. Mteja ameniandikia anataka kubeba embe hadi Italia. Nimuuzie?

Muuzie azile hapa. Tangu Desemba 14, 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea hata kwa matunda yaliyomo kwenye sanduku la abiria, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Bila cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, embe zitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege na lawama itarudi kwako. Nazi ni ruhusa. Asali pia, isizidi kilo 2 kwa mtu. Maelezo haya mimi huyaweka ndani ya ile barua ya Machi ya kuaga, na kila mwaka kuna wanaoagiza asali kwa sababu hiyo tu.

20. Shefu wangu amehamia hoteli nyingine. Anwani ni ya nani?

Anwani ya hoteli ni ya hoteli, itapokewa na atakayemrithi. Mwandikie huyo mpya ujitambulishe, usijifanye mmejuana. Shefu aliyehama mwombe ya kwake binafsi, akikubali. Kwa njia hii mteja mmoja huwa wawili, na wapishi wa pwani huhama sana.

21. Mtu amejiondoa, na kesho nitakutana naye sokoni. Nimuulize kwa nini?

Usimuulize. Msalimie, mpe pole na jua, mwuzie dafu. Wengine wanajiondoa kwa sababu simu imejaa. Asirudishwe kwenye orodha mpaka aseme mwenyewe.

22. Hoteli inataka ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA. Inahusiana na barua pepe?

Inahusiana, kwa sababu itakuja kama jibu la barua yako na usipoielewa oda inalala. Tangu Januari 2024 hoteli haiwezi kukata gharama kwenye hesabu ya kodi bila ankara hiyo. Kwa mkulima ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka, sheria imeruhusu mnunuzi ndiye aitoe. Mjibu mhasibu hivyo, kwa upole, na uweke nambari yako ya PIN ya KRA (si ya simu wala benki) chini ya kila barua ya hoteli.

23. Wateja wangu wamepata barua yenye jina langu na nambari ya till (ya kulipia kwa M-Pesa) nisiyoijua. Nifanye nini?

Wapigie simu kwanza wale wenye oda za wiki hiyo, mmoja mmoja. Barua nyingine kutoka kwako sasa hivi haitaaminika. Badilisha nywila na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha angalia kwenye mipangilio ya Gmail kama kuna anwani ngeni ambako barua zako zinapelekwa kwa siri, maana mwizi hupenda kuacha dirisha wazi. Aliyekwisha kulipa aripoti kwa Safaricom na polisi mara moja.

Kama jina ni lako lakini barua haikutoka kwenye akaunti yako, hapo ndipo DMARC ya swali la 16 inapofanya kazi. Na kuanzia leo, chini ya kila barua weka mstari huu, usiubadilishe hata herufi: "Nambari yetu ya till haibadilishwi kwa barua pepe. Ukiona mpya, nipigie kabla hujalipa."